Kubadili Mkanda wa Saa: Lipi Kweli, Lipi Uongo

Saa nyingi nzuri huharibika sura siku ya kubadilishwa mkanda. Mashine ndani inatembea sawasawa, kioo hakina ufa, lakini pembe za kasha zina mikwaruzo inayong'aa, na kila anayeitazama anajua kwamba kuna mtu aliingiza kisu pale. Inaniuma zaidi inapokuwa saa ya urithi: Seiko 5 aliyoivaa mzee kazini miaka yote, ambayo ilistahili kumfikia mjukuu ikiwa safi. Mara nyingi aliyeikwaruza hakuwa mzembe. Alifuata maneno ambayo watu hupokezana kuhusu vifaa vya saa, maneno yanayosemwa kwa uhakika mkubwa na ambayo hakuna aliyewahi kuyapima.

Nimeyachukua yale ninayoyasikia mara kwa mara. Kwanza tukubaliane majina. Mkanda ni ule wa ngozi, mpira au kitambaa. Cheni ni ile ya chuma yenye vipande. Masikio ni zile pembe nne za kasha ambazo mkanda hukaa katikati yake. Pini ya springi ni mrija mwembamba wa chuma wenye springi ndani na ncha mbili zinazobonyea. Ncha hizo huingia kwenye vitundu vilivyo upande wa ndani wa masikio. Karibu kila kosa nitakalolitaja hapa linaanza pale mtu anaposhika kifaa kabla hajatazama mkanda wake umeshikwa na nini.

“Kisu chembamba kinatosha.” Uongo.

Geuza saa chali, uuinue mkanda kidogo, utazame mwisho wa pini kwa lenzi. Utaona mzingo mwembamba uliotokeza, kama bega, karibu na ncha. Pini nyingi zina mabega mawili kila upande, na kati yake kuna mfereji. Kifaa halisi cha kazi hii kina ncha yenye panda, yaani imepasuka mara mbili, na panda hiyo hukaa ndani ya mfereji na kulishika bega. Ukivuta kuelekea katikati ya mkanda, springi inabonyea, ncha inatoka kwenye kitundu chake, na unainua upande mmoja bila kutumia nguvu.

Kisu hakina mahali pa kushika. Kinategemea bapa lake kulisukuma bega kwa bahati, na bahati ikikataa kinateleza. Kikiteleza kina njia mbili tu: sikio la saa au kidole gumba chako. Sikio likishapigwa limekwaruzika, kwa sababu chuma kisichoshika kutu kinachotumika kwenye saa nyingi, aina ya 316L, ni laini kuliko watu wanavyodhani. Kwenye kipimo cha Vickers ugumu wake huwa kati ya 150 na 220 hivi, wakati bapa la kisu cha chuma kilichotiwa ugumu hupita 500. Kisu kitakata sikio, sikio halitakidhuru kisu.

Kwa hoja hiyohiyo, kifaa chenye panda nacho kinaweza kukwaruza, maana nacho ni chuma kigumu. Kinachokitofautisha na kisu ni kwamba kinapata pa kushika. Ndiyo maana mafundi waangalifu hubandika utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, kwenye masikio ndani na nyuma kabla ya kugusa kitu. Utepe haugharimu kitu cha kutaja, na kwenye saa iliyopakwa rangi nyeusi ni lazima kabisa: pale mkwaruzo mdogo hufunua chuma cheupe chini yake na hakuna namna ya kuung'arisha ukaondoka.

Nyongeza moja kuhusu panda. Mkanda wa ngozi huacha nafasi ya kutosha kati yake na sikio, kwa hiyo panda pana hufanya kazi vizuri na hushika zaidi. Cheni ya chuma ina kipande cha mwisho kilichobanana na kasha, na upenyo wa kuingilia ni mdogo sana. Hapo panda pana haiingii, na anayeilazimisha ndiye anayeharibu. Unahitaji panda nyembamba, unaingia kutoka nyuma ya saa, unabonyeza upande mmoja kidogo, kisha wa pili, unarudi wa kwanza, mpaka cheni iachie. Kipo pia kibano maalumu chenye ncha mbili kinachobonyeza pande zote mbili kwa pamoja. Kwa mtu mwenye cheni anayependa kuibadili mara kwa mara, nadhani kibano hicho kina faida kuliko kifaa kingine chochote atakachonunua.

“Kifaa ghali hakikwaruzi.” Nusu yake ni kweli.

Jina linalotajwa zaidi kwenye vifaa vya saa ni Bergeon, kampuni ya Le Locle nchini Uswisi inayohesabu historia yake tangu mwaka 1791. Kifaa chake cha pini, namba 6767, kina panda upande mmoja na kijiti cha kusukumia upande wa pili, na ncha zote mbili hufunguliwa na kubadilishwa zikichoka. Thamani yake iko kwenye umbo la ncha: ni nyembamba, imenyooka, na haipindi ikibanwa. Vile vya bei ndogo sana mara nyingi huwa na panda nene isiyofika kwenye bega, au chuma laini kinachofunguka midomo baada ya kazi chache. Panda iliyofunguka midomo huteleza sawasawa na kisu.

Lakini hakuna kifaa kinachojua mkono wa mwenye nacho. Kifaa cha kawaida chenye panda iliyonyooka, kikitumiwa juu ya utepe na mtu asiye na haraka, kinaacha saa safi. Ushauri wangu kwa anayeanza ni mmoja: usinunue lile sanduku lenye vipande mia na zaidi. Vingi humo hutavigusa kamwe, na kile kimoja unachokihitaji ndicho kilichotengenezwa ovyo kuliko vyote. Weka fedha hiyo kwenye kifaa kimoja kizuri chenye panda, pakiti ya pini mpya na utepe.

“Kila saa ina pini inayotoka.” Uongo.

Hili limevunja masikio ya saa kongwe nyingi. Saa za mkononi zilipoanza kuenea kwa wanajeshi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, nyingi zilikuwa na waya wa chuma uliochomelewa moja kwa moja kwenye kasha. Hakukuwa na springi wala kitundu. Mkanda ulipitishwa juu ya waya, au ngozi ikakunjwa kuuzunguka na kushonwa au kugandishwa hapohapo. Anayekuja leo na panda yake kutafuta bega la kuvuta kwenye waya huo atavuta mpaka kiungo kiachie, na kukichomelea upya bila kuharibu kasha ni kazi ya fundi stadi.

Jeshi la Uingereza liliendelea na fimbo zisizotoka kwa makusudi, kwa sababu fimbo iliyokazwa haichomoki askari anapotambaa au kujigonga. Mwaka 1973 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilitoa kanuni ya mkanda wa saa, Defence Standard 66-15: nailoni ya kijivu, upana wa milimita 20, kipande kimoja kinachopita chini ya saa kutoka fimbo hadi fimbo. Askari waliuchukua kwa kujaza fomu G1098, na hadi leo mkanda wa namna hiyo unaitwa G10. Kuubadilisha hakuhitaji kifaa chochote. Unauvuta, unapenyeza mwingine, umemaliza.

Mkanda huo una faida hata kwenye saa yenye pini za springi. Ukipita chini ya saa kutoka upande mmoja hadi mwingine, pini moja ikifyatuka saa inabaki imening'inia kwenye pini ya pili. Kwa mvuvi, mzamiaji au mtu wa bodaboda, hiyo ndiyo tofauti ya kurudi nyumbani na saa au bila saa.

Jinsi ya kujua ni rahisi. Sukuma fimbo kwa kijiti karibu na sikio. Ikibonyea kuelekea katikati, ni pini ya springi. Ikikaa tuli na huoni mstari wowote inapokutana na sikio, imechomelewa. Weka panda chini.

“Ukiona tundu nje ya sikio, sindano ya kushonea inatosha.” Nusu kweli.

Saa nyingi za zamani za kuzamia na za kazi zina masikio yaliyotobolewa moja kwa moja, hivyo ncha ya pini inaonekana kutoka nje. Hii ni neema, kwa sababu unaisukuma ncha ndani bila kugusa sehemu ya ndani ya sikio, na mikwaruzo hukosa pa kutokea. Kwa hiyo ni kweli kwamba panda haihitajiki.

Sindano ndiyo yenye matatizo. Imetiwa ugumu na ni dhaifu ikipindishwa, inakatika bila kutoa onyo, na ncha yake kali inateleza juu ya ncha ya pini iliyo bapa au ya mviringo. Kinachotakiwa ni kijiti cha chuma chenye mwisho bapa, chembamba kuliko tundu, na ndicho kile kilicho upande wa pili wa kifaa chenye panda.

“Saizi ya mkanda imeandikwa nyuma ya saa.” Uongo.

Namba za nyuma ni za mashine, kasha na uzalishaji. Kwenye Seiko, kwa mfano, utakuta 7S26, kistari, kisha alama nne nyingine: sehemu ya kwanza ni mashine, ya pili ni aina ya kasha. Ile namba ya peke yake ni ya mfululizo. Tarakimu yake ya kwanza ni mwaka katika muongo, na alama ya pili ni mwezi, ambapo O ni Oktoba, N ni Novemba na D ni Desemba. Zitunze, maana fundi au muuzaji anaweza kutafuta cheni ya kasha hilo kwa namba hizo. Saizi ya mkanda hazikuambii.

Saizi ni umbali wa ndani kati ya sikio na sikio. Pima kwa kalipa baada ya kutoa mkanda. Usipime mkanda wa zamani. Ngozi iliyovaliwa imebonyea pembeni na itakudanganya. Rula ya shule inaweza kukupa 20 pahali ambapo jibu ni 19, na milimita hiyo moja ina madhara: mkanda mpana unajikunja na kusugua masikio, mwembamba unaacha pini wazi na kucheza. Saa nyingi ni 18, 20 au 22, lakini 19 na 21 zipo, na wenye nazo ndio wanaonunua mara mbili.

“Mkanda wa milimita 20 unaenea saa yoyote ya milimita 20.” Uongo.

Upana ni kipimo kimoja tu. Cha pili ni unene wa pini. Pini za kawaida zina unene wa milimita 1.5 hadi 1.8, lakini saa nyingi za Seiko za kuzamia hutumia pini nene ya milimita 2.5, yenye ncha ya milimita 1.1 hivi. Pini hiyo haipiti kwenye tundu la mkanda wa ngozi wa kawaida. Watu wengi wakikwama hapo huchukua pini nyembamba na kuweka. Inaingia, inalia kidogo, inaonekana imekaa. Lakini ncha yake inacheza ndani ya kitundu kilichotobolewa kwa ncha kubwa, na siku saa itakapogonga ukingo wa ngalawa itachomoka. Kwa saa hizo tafuta mkanda uliotengenezwa kwa pini nene, au pini iliyopunguzwa katikati lakini yenye ncha pana. Zote zipo madukani.

Urefu wa pini nao hauna mjadala. Pini ya 18 kwenye masikio ya 20 hata ikishika inashika kwa ncha ya mwisho kabisa. Haifai.

Kisha zipo saa ambazo cheni na kasha vilichorwa kama kitu kimoja. Audemars Piguet Royal Oak ya mwaka 1972, iliyochorwa na Gérald Genta, ndiyo inayotajwa zaidi, na leo mtindo huo umeshuka hadi kwenye saa za bei ya kawaida. Hapo hakuna masikio mawili yenye nafasi ya mkanda wowote. Kuna mwanya wenye umbo lake. Uliza kwanza kama mkanda mwingine wa saa hiyo unatengenezwa, ndipo ufikirie kifaa.

“Mshale ndani ya cheni unaonyesha pini inakoingizwa.” Uongo, na ni uongo unaoharibu cheni.

Kupunguza vipande vya cheni ni kazi tofauti na kuitoa cheni kwenye saa, na vifaa vyake ni tofauti. Geuza cheni, isugue kwa mswaki wenye maji ya sabuni, na utaona mishale midogo nyuma ya vipande vinavyotoka. Mshale unaonyesha upande ambao pini inatokea. Unasukuma kwa kufuata mshale. Wakati wa kurudisha unaenda kinyume chake.

Sababu iko kwenye pini yenyewe. Aina iliyoenea zaidi imepasuliwa upande mmoja. Mpasuko huo umefunguka kidogo na ndio unaobana ndani ya tundu. Wakati wa kurudisha, upande mzima hutangulia na wenye mpasuko huingia mwisho. Anayesukuma kinyume cha mshale anaulazimisha mpasuko upite urefu wote wa kipande. Unalegea au unakunjika, na tundu linapanuka. Cheni ya namna hiyo itaangusha pini yake siku yoyote, na watu watasema saa ni mbovu.

Aina ya pili inahitaji macho makali. Pini ni fimbo nyoofu isiyo na mpasuko, na kinachoishika ni mrija mdogo mno uliokaa ndani ya tundu la kipande kimojawapo. Seiko na Citizen wameitumia kwenye cheni nyingi. Unaposukuma fimbo, mrija unaanguka, na kwa sakafu ya saruji yenye vumbi hutauona tena. Mtu huirudisha fimbo bila mrija, inaingia kwa ulaini wa ajabu, anafurahi. Ulaini huo ndio dalili ya hatari. Fanya kazi juu ya kitambaa cheupe, na kila pini ikitoka, hesabu vitu viwili kabla ya kuendelea.

Vifaa vyenyewe: kile cha plastiki chenye mshikio wa kuzungusha kinachosukuma pini polepole ni kizuri kwa kuanzia, mradi ncha yake imenyooka na tundu la pini limelingana nayo kabisa. Ncha zake hupinda na kukatika, ndiyo maana huuzwa na nyingine za akiba. Pini ikigoma, usiongeze nguvu kwenye mshikio huo.

“Saa haipigwi nyundo.” Kweli kwa saa, si kwa cheni.

Pini ngumu hutoka vizuri zaidi kwa pigo dogo kuliko kwa kusukumwa polepole. Fundi hulaza cheni juu ya kitalu cha plastiki ngumu chenye matundu, anaweka kijiti cha chuma cha milimita 0.8 hadi 1.0 juu ya pini, kisha anagonga kwa nyundo ndogo ya shaba au plastiki. Mara mbili tatu, pini inashuka. Kijiti kiwe chembamba kuliko tundu, la sivyo kinalipanua.

Cheni itolewe kwenye saa kwanza. Mashine ya saa, hasa ile inayojijaza kwa mtikisiko wa mkono, haina haja ya kupokea mapigo hayo.

“Bisibisi ya miwani inafungua skrubu ya cheni.” Uongo mara nyingi.

Cheni za gharama, zikiwemo nyingi za Rolex, hushikwa kwa skrubu. Bisibisi nyingi za miwani zina bapa lililochongoka kama kabari. Ukizungusha, kabari inapanda kutoka kwenye mfereji wa skrubu na kukikwangua kichwa chake. Bisibisi ya saa ina bapa ambalo pande zake zinakwenda sambamba hadi mwisho, na upana wake unajaza mfereji karibu wote. Watengenezaji huzipa rangi ili mkono usikosee: kwenye mpangilio unaotumiwa na Bergeon, nyekundu ni milimita 1.20, kijivu ni 1.40 na zambarau ni 1.60. Kwa cheni, hizo tatu zinatosheleza kazi nyingi.

Skrubu isipozunguka, huenda imetiwa gundi ya nyuzi. Itie joto kwa kikausha nywele dakika chache, cheni ikiwa imeshatolewa kwenye saa, gundi italegea. Wakati wa kurudisha weka tone dogo la gundi ya nguvu ndogo. Loctite 222, ya zambarau, imetengenezwa kwa skrubu ndogo. Zile zilizokusudiwa kutofunguka tena zisikaribie saa.

Tazama pia upande wa pili wa skrubu. Zipo fimbo zenye kichwa kila mwisho, na ukizungusha kimoja fimbo nzima inazunguka bure. Hizo zinataka bisibisi mbili, moja ikishika na nyingine ikifungua. Na chapa kama Hublot ina skrubu zenye mchoro wa H zinazohitaji bisibisi yake. Hapo kujaribu kwa kubahatisha ni kupoteza skrubu.

“Kijiti cha meno kinaweza kupunguza cheni.” Kweli.

Hili watu hulicheka, lakini ni sahihi. Kwenye kifungio cha cheni nyingi kuna safu ya vitundu vidogo pembeni, na pini ya springi imeshika kimojawapo. Ukibonyeza ncha ya pini kutoka nje kwa kijiti cha meno, unaisogeza kitundu kimoja au viwili, na cheni inapungua au kuongezeka kwa milimita chache. Mti hauwezi kukwaruza chuma. Kikivunjika, una vingine pakiti nzima.

Ni busara kujaribu hapa kabla ya kutoa kipande chochote. Mkono huvimba kidogo wakati wa joto, na cheni iliyokatwa kwa kipimo cha asubuhi ya Julai itabana mchana wa Februari. Ukilazimika kutoa vipande, toa pande zote mbili kwa ulinganifu ili kifungio kikae katikati chini ya kiganja, kisha malizia kwa vitundu vya kifungio. Vipande vilivyotoka vitunze. Cheni hurefushwa kwa hivyo tu.

“Mikanda ya kufungua kwa kidole haihitaji kifaa.” Kweli.

Pini yake ina kijiti kidogo kinachotokeza nyuma ya mkanda. Unakivuta kwa kucha na ncha inaingia ndani. Kwa asiyetaka kununua chochote, hili ndilo jibu langu. Baada ya kuufunga, vuta mkanda kila upande kwa nguvu ya wastani. Upande mmoja ukiwa haujaingia kwenye kitundu chake, afadhali uachie ukiwa mezani.

“Ukibadili mkanda, saa inaanza kuingiza maji.” Uongo.

Vitundu vya pini havipenyi hadi ndani ya kasha. Kinachozuia maji ni mipira ya kioo, ya mfuniko wa nyuma na ya kitufe cha kuwekea majira, na hakuna hata mmoja unaoguswa na panda. Nadhani uvumi huu ulitokana na saa kubadilishwa betri na mkanda siku moja kwa fundi mmoja. Aliyefungua mfuniko ndiye aliyeugusa mpira.

Ila kuna mtego. Casio F-91W, ambayo ipo mikononi tangu mwaka 1989, ina skrubu nne ndogo nyuma. Wapo wanaozifungua wakidhani zinashika mkanda. Zinashika mfuniko. Mkanda wa saa hiyo umeshikwa na pini za springi kama saa nyingine.

“Pini ya zamani ikirudi mahali pake, basi ni nzima.” Uongo.

Pini huharibika ndani, mahali usipopaona. Jasho na chumvi huingia kwenye mrija, springi inashika kutu, ncha inaanza kukwama katikati ya safari yake. Kwa wanaoishi Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa yenyewe ina chumvi, mimi nasema kila mkanda mpya uende na pini mpya. Ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye saa, na ndicho kinachoibeba saa nzima.

Kabla ya kuiweka, bonyeza ncha zote mbili kwa vidole. Ziingie laini na zirudi kwa kasi. Fanyia kazi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, mikono na saa vikiwa ndani, kwa sababu pini inayofyatuka huruka mbali na inaweza kuingia jichoni. Mwenye miwani aivae. Ikishaingia utasikia mlio mdogo kila upande. Usiuamini mlio peke yake: sukuma mkanda kushoto na kulia kando ya sikio, kisha uvute.

“Fundi wa barabarani ataiharibu tu.” Uongo.

Wapo wanaoharibu, na wapo mafundi saa wenye meza ndogo pembeni mwa maduka ya Kariakoo na mitaa ya katikati ya Nairobi ambao mikono yao ningeikabidhi saa yoyote. Ukubwa wa duka hausemi kitu. Tazama meza. Mwenye panda zaidi ya moja, lenzi ya jicho, kalipa na kopo lenye pini za kila urefu anajua kwamba saa zinatofautiana. Anayenyanyua kisu au koleo kabla hajaigeuza saa kutazama nyuma, ichukue saa yako kwa upole na umshukuru.

Mpelekee cheni iliyosafishwa, ili mishale isomeke. Mwombe abandike utepe. Fundi mzuri hachukii ombi hilo. Akimaliza, mwambie akupe vipande alivyotoa pamoja na pini zake, na uhesabu kama mirija ipo.